Jiwe Nililookota Nyuma ya Kanisa

Wajukuu wangu wakisikia kisa hiki husema babu alikuwa na malaria siku ile. Haya. Lakini malaria haigongi mawe kwa nyundo, na mimi niligongewa mawe mbele ya macho yangu, mchana, sijaonja hata tone la busaa. Kama utanicheka, nicheke sasa umalize, kwa sababu mbele huko hakuna cha kuchekesha.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Nilikuwa fundi wa mawe mjini Nakuru, kijana wa kifua mbele, najua kazi na najua kwamba najua. Mkandarasi wetu, Mhindi mmoja mkali lakini wa haki, alinituma juu ya Elburgon, kwenye shamba la mzungu lililopakana na msitu wa Mau, nikatengeneze kanisa lao. Nilikwenda na Zakayo, seremala, mume wa dada yangu Rasoa. Huyo tulipendana kuliko ndugu. Alikuwa akipiga randa anaimba, na akinyamaza ujue ana njaa.

Kanisa lenyewe lilikuwa dogo, watu arobaini wakiingia wanabanana, lakini lilijengwa kwa majivuno. Kuta za mawe ya kijivu, nje zimeegemezwa nguzo nene, madirisha membamba yenye ncha juu, na paa limesimama wima kabisa ili theluji iteleze. Theluji Elburgon nani ameiona? Ndani, mbele ya madhabahu, palikuwa na tao moja kubwa, limepanda kutoka pande mbili mpaka kukutana juu kwa ncha. Tetemeko la ardhi lilikuwa limelipasua. Kazi yetu ilikuwa kulishusha jiwe kwa jiwe na kulirudisha kama lilivyokuwa, kabla binti wa memsab, mke wa mzungu huyo, hajaolewa humo.

Nikueleze kidogo, maana bila hili hutanielewa. Tao likijengwa halisimami lenyewe. Seremala huunda kwanza fremu ya mbao yenye umbo lake, fundi hupanga mawe juu ya fremu, na chokaa ikishashika, kabari zilizo chini ya fremu hugongwa zitoke. Fremu inashuka, mawe yanabaki juu yakikabana yenyewe. Hapo sisi mafundi tuna desturi: aliyelifunga tao husimama chini yake kabari zikitoka. Ndiyo sahihi yake. Na kwa kuwa kichwa ni chako, kila jiwe unaligonga kwa nyundo kabla ya kulipandisha. Jiwe zima hulia ngi, kama kengele. Lenye ufa ndani husema bu.

Sasa, jiwe moja lilinivunjikia mikononi. Machimbo yalikuwa mbali na harusi ilikuwa karibu. Nikazunguka nyuma ya kanisa kukojoa, nikaona kwenye majani jiwe lililokwisha chongwa, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, limeota kuvu. Nikalipima. Sawasawa kabisa! Nikamshukuru Mungu, nikalisugua, nikalipandisha, likaingia mahali pake, la tisa kutoka kushoto. Sikuligonga. Utaniuliza kwa nini. Nadhani niliogopa litasema bu.

Tuliiacha chokaa wiki tatu. Siku ya kutoa kabari ilikuwa Jumamosi, mchana wa saa tisa, na ukungu wa Mau ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni, na manyunyu juu yake. Zakayo alikwenda kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba kuita watu wa kutusaidia. Nikabaki peke yangu, nafagia.

"Hodi, fundi."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Alivaa koti refu la kijeshi, yale ya vita vya kwanza vya Mjerumani, na nywele zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la mawe. Nikamkaribisha. Halafu, niamini, nikamtazama tena. Nje kulikuwa na manyunyu, na vumbi lile kichwani mwake lilikuwa kavu.

"Nani anasimama chini leo?"

"Ni mimi, mzee."

"Mawe umeyagonga yote?"

"Yote."

Akapanda jukwaa letu la mbao, lile lililokuwa likilia hata paka akipita, na halikulia. Akatoa nyundo ndani ya koti, akaanza kutoka kushoto. Ngi. Ngi. Ngi. Nilikuwa nahesabu. Alipofika la tisa aligonga polepole, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa.

Bu.

"Hili liliwekwa kwenye majani makusudi," akasema, bila hasira, "lisijengwe tena. Liliwahi kuangukia mtu. Sasa sema: uliligonga?"

Nikafungua mdomo. Nje nikasikia sauti ya Zakayo akiimba na watu wakimwitikia, nikageuka kutazama mlango. Nilipogeuka tena, jukwaa lilikuwa tupu. Sakafu yote ilikuwa na vumbi la chokaa, na nyayo zilizokuwepo zilikuwa zangu peke yangu.

Zakayo akaingia na watu wanne. Nyuma yao nyapara wa shamba, na nyuma ya nyapara memsab, mwavuli mkononi.

"Fundi, kwisha? Toa mbao sasa," akasema memsab.

Neno moja lingetosha: sikuligonga. Lakini kulisema mbele ya memsab, mbele ya nyapara, mbele ya watu wa kambi! Mimi! Nikasema, "Tungojee Jumatatu, memsab. Chokaa bado ni mbichi."

Zakayo akaibonyeza chokaa kwa kidole gumba. "Hii imekauka kama mfupa, shemeji. Nini mbaya?" Watu wakaanza kucheka. Nyapara akasema ataandika barua Nakuru, mkandarasi ajue ametuma fundi mwoga, na mwoga atafute kazi kwingine. Nikainamia ufagio wangu. Zakayo akanitazama, akaona aibu yangu, akataka kuifunika. Hivyo ndivyo alivyokuwa.

"Mwacheni, ana homa huyu," akasema. "Nitasimama mimi. Fremu si ni yangu?"

Akaenda akasimama pale, mikono kiunoni, akanikonyeza.

Kabari zilikuwa nne. Ya kwanza ikatoka, nikasema moyoni, labda. Ya pili ikatoka, tao limetulia. Ya tatu ilipotoka, nikasikia juu, bila nyundo, bila mtu: bu.

"Zakayo! Sikuligonga!"

Angekimbia angepona. Lakini mtu uliyemzoea akikuita kwa sauti ile, unageuka kumtazama. Aligeuka, akanitazama, uso wa mtu anayetaka urudie ulichosema. Jiwe la tisa likashuka, na mengine yakalifuata.

Zile zilikuwa siku za pasi, Mwafrika hasafiri bila kibali, na kumsafirisha maiti hadi kwetu Maragoli haikuwa kazi ya watu kama sisi. Tulimzika nyuma ya kanisa. Tulipokuwa tunachimba, mzee aliyekuwa akikama ng'ombe wa pale akasema tusogee kidogo, hapo kuna mtu. Fundi aliyelijenga tao hilo mara ya kwanza, askari wa zamani. Lilimwangukia siku ya kutoa kabari, na wenzake waliliweka jiwe lililomuua kichwani pa kaburi lake, badala ya msalaba. Nikamuuliza alivaa nini alipozikwa. Akasema koti lake la vita.

Jiwe lenyewe halikupata hata mkwaruzo. Nililirudisha kwenye majani kwa mikono yangu, katikati ya makaburi mawili.

Rasoa nilimwambia tetemeko ndilo lililokuwa limedhoofisha kanisa. Alilea watoto wanne peke yake, kila Krismasi ananiwekea paja la kuku, na alikufa akiamini hivyo. Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi nilificha nikazaa watoto saba, lakini usingizi sina.

Nilijenga matao mengi baada ya hapo, na mawe yake yote niliyagonga mara tatu. Haikusaidia. Kila siku ya kutoa kabari walikuja wawili mlangoni, vumbi kavu kichwani. Mzee wa koti hakusema kitu tena. Aliyeuliza ni yule mwingine, kwa sauti ile ile ya upendo: "Shemeji, umeyagonga yote?" Nikaacha kazi ya mawe nikiwa bado na nguvu.

Kwa hiyo wewe unayejenga, ukikuta jiwe lililochongwa limelala kwenye majani, liache, uliza ni la nani. Na ukiulizwa kama umeligonga, sema kweli saa ile ile, hata kama watu wote wanacheka. Wale watu wa kambi walicheka kidogo tu, kisha wakachukua majembe wakanisaidia kuchimba.