Doa Jeupe Shingoni

Walimwita Chogo kwa sababu hakugusa televisheni isiyo na chogo. Hizi mpya, bapa kama sinia, alizitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia bila hodi. Lakini zile nzito za zamani, zenye kisogo kinachotaka meza nzima, alizijua kwa mlio na kwa harufu. Ukimwambia tu, "Picha imekuwa mstari mmoja katikati," angekujibu bila kuinua kichwa, "Risasi ya kulehemu imepasuka, kuna kifaa kinacheza mguu. Lete."

Ndivyo alivyomjibu mama yake mzazi siku televisheni yake ilipobakiwa na mstari mweupe katikati ya giza.

Tatizo lilikuwa meza. Duka aliloacha marehemu baba yao lilikuwa limejaa televisheni bapa za mdogo wake, na meza ya Chogo ilikuwa imesukumwa hadi nyuma ya mlango, ikigongwa na kila mteja aliyeingia. Hata kipembe hicho mdogo mtu alikitaka. Mama, mwenye duka, alikuwa amechoka kuwaamua.

"Mama, tusigombane," mdogo mtu alisema kwa sauti ya asali. "Kaka aitengeneze tivi yako mbele yetu. Ikionyesha picha, meza ibaki. Ikishindikana, meza itoke. Si ndiyo haki?"

"Ndiyo haki," mama akasema.

Chogo alicheka. Mstari mmoja! Kazi ya kufumba na kufumbua. Wala hakujiuliza kwa nini mdogo wake, mtu asiyewahi kubeba hata ndoo, alijitolea kwenda nyumbani kuibeba televisheni ile mwenyewe na kuilaza dukani.

Kesho yake mama alikaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani. Kinyozi wa mlango wa pili aliacha kichwa cha mtu nusu, akaja kutazama.

"Daktari wa maiti yuko kazini!" kinyozi akasema. "Mgonjwa ana ndugu wa kumzika?"

"Cheka tu. Ukirudi, mteja wako atakuwa ameota nywele upya."

Chogo alilegeza skrubu kwa mkono mmoja, wa pili akiwa ameuficha nyuma ya mgongo, kama ilivyokuwa desturi yake, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Akavuta kifuniko taratibu. Akapuliza vumbi. Ghafla akaacha kupuliza.

Tyubu ya picha ni chupa kubwa ya kioo isiyo na hewa ndani. Nyuma huishia kwenye shingo nyembamba, na shingoni kuna doa linalong'aa kama fedha. Hewa ikipenya, doa hilo hugeuka jeupe kama maziwa, na hapo fundi hana tena la kufanya. Doa la televisheni ya mama lilikuwa jeupe. Pembeni yake kulikuwa na ufa. Shingo yote ilikuwa na vumbi la miaka, ila ufa ulikuwa safi.

Katika ukoo wao, watu wawili tu waliijua shingo ile. Mmoja ndiye aliyemfundisha mwenzake.

Chogo akamtazama mdogo wake. Mdogo wake akatabasamu, akaangalia kucha zake.

"Mama, tyubu imevunjwa shingo," Chogo alisema. "Lakini si mimi. Ulipoona ule mstari nyumbani, tyubu ilikuwa nzima."

"Kwa hiyo kwangu ilikuwa nzima."

"Ndiyo, Mama."

"Na hapa kaifungua nani?"

Kinyozi akapiga makofi. "Daktari kaua!"

"Mama, nisikilize. Angalia vumbi, angalia huu ufa..."

"Niangalie nini, mimi fundi?" Mama alisimama. "Mwenzako kila siku ananibembeleza nichukue mpya, nakataa kwa ajili yako. Nakataa, nakuonea huruma! Kumbe nafuga mkono mzito. Toa meza yako."

Mdogo mtu alikimbilia kusaidia, kwa heshima zote. Wakaishika huku na huku. Walipofika mlangoni, akainamisha kichwa karibu na cha kaka yake.

"Shika vizuri, kaka," akanong'ona. "Si ulinishika mkono mwenyewe nikiwa mdogo, ukaniambia hapa ndipo zinapofia?"

Chogo akakaza vidole ukingoni. Angefungua mdomo, angeachia meza.

Ndani, televisheni kubwa bapa ilikuwa imeshawashwa. Mama alikuwa ameketi mbele yake, mkoba mapajani, ile ya zamani ikiwa wazi miguuni pake.

"Mkishaitoa mfunge mlango," aliwaambia bila kugeuka. "Mwanga unaingia kwenye picha."