Mdogo Wangu Hataki Msiba wa Baba Uishe

Wasomaji wa ukurasa huu, mimi ni mzee wa miaka sitini na kitu, naishi Kakese, Mpanda, na katika pori lote la huku hakuna mwenye mizinga ya nyuki mingi kama mimi. Nyuki wenyewe wakiniona wananiamkia.

Haya, nimedanganya. Sina hata mzinga wa kuazima. Mizinga ni ya marehemu baba, na ilitakiwa tugawane watoto wake watatu: dada yetu mkubwa, mimi, na huyu kitinda mimba ambaye ukoo ulimchagua kuwa msimamizi wa mirathi kwa sababu anavaa soksi. Jina langu lificheni, na lake pia. Atajijua.

Kwetu mali ya marehemu haigawanywi mpaka tanga lianuliwe, yaani msiba umalizwe mbele ya watu. Na tanga halianuliwi bila wanzuki, pombe ya asali. Asali iko kwenye mizinga, mizinga anayo msimamizi. Mmeuona mtego? Kila msimu anarina, anauza, halafu anakuja na uso wa kanisani: "Kaka, asali haikutosha kutengeneza wanzuki. Msiba bado." Ikaja Operesheni ya vijiji, tukahamishwa kutoka porini, nyumba zikapangwa mistari kama meno. Akasema, "Tutulie kwanza hapa kijijini. Msiba bado." Baba angemsikia angefufuka ajimalizie msiba mwenyewe.

Dada yetu alikuwa mjane, aliolewa kule Mamba. Alikuja akakaa kwangu kusubiri sehemu yake, apate cha kuwaachia wanawe. Dada ndiye aliyembeba mgongoni huyu mdogo wetu akiwa mchanga, kwa hiyo alikuwa anamwomba kwa upole tu: "Mwanangu, nipe changu nirudi kwangu." Naye anamjibu, "Vumilia dada, bado kidogo." Dada akavumilia mpaka akafa mikononi mwangu. Tunatoka makaburini, udongo bado uko kwenye kucha zangu, msimamizi ananivuta pembeni. "Kaka, sasa misiba ni miwili. Mambo ya kugawana itabidi yasubiri zaidi."

Hapo ndipo nilipoacha kuwa mtu mwema.

Kesho yake nikabeba mkeka, nikautandika mlangoni kwake.

"Kaka, umekuja kututembelea?"

"Nimekuja msibani. Si umesema msiba bado? Shemeji, hapa wafiwa tunakula saa ngapi?"

Alidhani utani. Wazee wenzangu wakanifuata na mikeka yao, maana ugali wa bure hauhitaji kuitiwa watu. Kila alfajiri napiga yowe, "Baba weee, umetuachia nani!" na mstari mzima wa nyumba unaamka. Akanibembeleza, "Kaka, unanidhalilisha." Nikamwambia, "Namlilia baba yako. Na wewe lia basi, au hakukuzaa?"

Mvua zikaanza. Akachukua jembe aende shamba. Nikamwita kwa sauti mbele ya watu: "Weka chini! Mtoto wa marehemu anashika jembe tanga halijaanuliwa? Umeyaona wapi hayo?" Wazee wakaguna, wakasema kweli, ni mwiko. Akaliweka. Nikayakusanya majembe yote ya nyumba ile, nikatandika mkeka juu yake, nikakaa. Nimekaa mpaka leo. Shamba langu wanalima wanangu, wao ni wajukuu, hawana mwiko. Wa kwake bado wadogo. Mahindi ya watu yamefika magotini, shamba lake ni majani matupu. Nasema kweli, sijawahi kupata usingizi mtamu kama wa juu ya majembe yale.

Juzi akaja, akachuchumaa mbele yangu, safari hii bila soksi. "Kaka, nimeshindwa. Jumamosi naanua tanga, uchukue sehemu yako. Ila ya dada tuiache, yeye si amekwisha kufa?"

Mnamsikia huyo? Ningekuwa na meno ningemng'ata. Lakini shemeji naye analia kila siku, ananiuliza watoto wake watakula nini mwakani. Watoto hawajanikosea, ni damu yangu. Na wale wa Mamba pia ni damu yangu.

Nishaurini nyie wenzangu. Nichukue changu niinuke, au niendelee kukalia majembe mpaka mvua zikatike, au mpaka watoto wa dada wapate chao? Moyo unasema kalia. Makalio yanasema chuma ni baridi.

Na wewe mhariri, una deni langu dogo. Gazeti lenu huja moja kwa kijiji kizima, na mimi ndiye ninayewasomea watu kwa sauti, bila mshahara. Basi kisa hiki kiweke juu kabisa ya ukurasa. Sehemu ya chini watu huichana wakasokotea tumbaku, na mimi nataka kimfikie kikiwa kizima.