Pua ya Mpishi

Nilimdanganya mume wangu kwamba naenda Isiolo kujifunza mapishi ya huko, ili hoteli yetu ndogo ya Meru ipate kitu kipya. Ukweli ni kwamba tangu ile homa iliyonilaza, pua yangu ilikuwa imekufa, na ulimi nao ukafuata. Mpishi asiyeijua chumvi ni mpishi gani? Wateja walikuwa wameanza kula nusu sahani na kuondoka bila kuaga. Nikajiambia kwamba kama kuna chakula chenye harufu ya kuniamsha, kitakuwa kule kwa wafugaji.

Nilianza na nyirinyiri, vile vipande vidogo vya nyama iliyokaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli yenye iliki. Mwenye kibanda alipofunua mkebe, jirani yangu mezani alifumba macho kwa raha. Kwangu ilikuwa kama kutafuna kamba. Nikala anjera, ile mikate laini ya maji, na maini ya ngamia, nikaomba pilipili, nikaongezewa. Midomo iliwaka tu. Nilimchukia kila mtu aliyekuwa akilamba vidole.

Nikaenda sokoni kwa akina mama wanaouza maziwa ya ngamia. Vyombo vyao hufukizwa kwa moshi wa kuni, na watu husema harufu yake haikuachi siku nzima. Mmoja alinimiminia kikombe. Nilikunywa chote, nikamwambia ni matamu sana, aniongeze.

Wenzake wakageuka kunitazama. Alichukua kikombe, akakinusa, kisha akaitazama jerikeni aliyokuwa ameishika.

"Pole mama, nimekosea jerikeni. Hii imeharibika, nilikuwa nimeweka kando." Akanikazia macho. "Kwani wewe hukusikia harufu?"

Nililia pale pale, mbele ya watu nisiowajua. Nikamweleza yote, hata niliyomficha mume wangu. Hakucheka. Alitia vijinga vya moto ndani ya kibuyu kitupu, akakitikisa, akanielekezea mdomo wa kibuyu usoni.

"Vuta."

Nilivuta mpaka kifua kikaniuma. Machozi yalinitoka, koo likaniwasha. Harufu, hakuna.

"Bado?"

"Bado."

Alikifunika kibuyu, akahudumia mteja mwingine. Nilibaki nimekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, sijui niende wapi tena, kwa sababu sikuwa na chakula kingine cha kujaribu.

Simu ikalia. Alikuwa mume wangu.

"Umejifunza nini huko?" aliuliza kwa furaha. Hakungoja jibu. "Leo wateja wamejaa, nimeanza kuwapakulia ile nyama ya jana. Mimi naiona iko sawa, lakini mwenye pua ni wewe. Si uliinusa kabla ya kuondoka?"

Niliinusa. Niliinama juu ya sufuria kama kawaida, nikaitikia kwa kichwa kuonyesha iko sawa, nikaifunika.

"Imwage," nikamwambia. "Kimbia uwanyang'anye sahani."