Mama Alipompata Kawira na Shela

Leo mama amerudi nyumbani akapata dada yangu amevaa gauni la harusi.

Na hakuna harusi.

Ni vile Kawira hupenda kuvaa kama wahusika wa gemu za kompyuta. Safari hii alichagua bibi harusi anayepigana na majitu. Tulishona shela kutoka kwa pazia, tukachonga upanga wa mbao, nikampeleka kwa migomba hapa nyumbani Muthara nimpige picha.

Mama alikuwa anatoka kwa kikundi chao cha akina mama, na wenzake wawili nyuma yake. Akasimama.

"Kawira," akasema polepole, "unaolewa na mimi sijaambiwa?"

Wale wamama wakaangalia chini.

Kawira akaanza kueleza mambo ya gemu. Mimi nimeshika tu kamera kama mgeni.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akaweka kikapu chini, akamsogelea.

"Shela haifungwi hivyo."

Akaifungua, akaipanga upya, akachomeka pini moja moja.

"Mimi nilienda kwa baba yenu na kitambaa cha kichwa tu," akamwambia. "Hata kama hii ni ya gemu, simama wima nikuone."

Kawira akalia. Rangi yote ya macho ikashuka mashavuni (nilikuwa nimeipaka asubuhi nzima, lakini wacha tu).

Nikawapiga hapo hapo wote wawili, na hiyo ndiyo picha nimewawekea hapa. Upanga ulianguka kwa majani, hata hauonekani.

Sasa niambieni ukweli: hapo nani ni mrembo zaidi, Kawira ama mama?