Anatandika vitanda Deira, anajiandaa kwa uwakili

Saa nne asubuhi, ghorofa ya tatu ya hoteli moja ya vyumba vya familia huko Deira, si mbali na soko la Naif, Paskazia Kokushubira anavua foronya nne kwa mkupuo, anatandaza shuka safi na kuanza kutaja mambo ambayo hayahusiani kabisa na usafi.

"Hati ya madai itaje jina la mahakama," anasema huku akichomeka shuka pembe ya kwanza. Pembe ya pili: "Majina ya wadaawa na mahali wanapoishi." Ya tatu: "Chanzo cha madai, na kilitokea lini." Anazunguka kitanda, anainama, anachomeka ya nne. "Na nafuu anayoiomba mdai. Haya, sasa chooni."

Anayasema kwa Kiingereza, kwa kuwa mtihani wenyewe ni wa Kiingereza. Mgeni mmoja aliyerudi ghafla kuchukua miwani yake aliwahi kumkuta anazungumza na mto, akampa dirham tano na kumwambia apumzike.

Paskazia ana miaka thelathini na moja na shahada ya sheria. Kwa siku anasafisha vyumba kumi na vinne, kwa mwezi analipwa dirham 850, na analala kwenye chumba cha kampuni huko Al Qusais pamoja na wenzake wawili. Wageni hawajui habari ya shahada, naye hawaambii. "Mgeni anataka taulo," anasema. "Ukimwambia umesoma sheria, atadhani unamtishia."

Kwa msomaji asiyezijua taratibu za nyumbani Tanzania, shahada peke yake haimfanyi mtu wakili. Lazima akae mbele ya jopo la watahini, watu wazima waliobobea, wamuulize maswali ana kwa ana naye ajibu papo hapo. Hakuna kufuta na kuandika upya. Paskazia alikaa mbele ya jopo hilo mwaka 2002, na akaanguka.

Namna alivyoanguka ndiyo iliyonifanya nimtafute.

Aliulizwa kama mahakama inaweza kuyapokea maungamo ambayo mshtakiwa ameyatoa kwa polisi. Akajibu kwamba ndiyo, kama ameyatoa kwa hiari yake, na ni kazi ya upande wa mashtaka kuthibitisha hiari hiyo. Jibu lilikuwa sahihi. Mzee aliyekaa katikati akavua miwani, akamtazama, akamuuliza: "Una hakika?"

"Nikamwambia sina hakika, mheshimiwa. Nikaomba radhi. Akaniuliza sasa jibu lako ni lipi, nikasema hayapokelewi. Nikalikana jibu langu mwenyewe mbele ya watu, nikiwa na akili zangu timamu."

Maswali mawili yaliyofuata nayo yakaenda hivyo hivyo. Kila alipoulizwa mara ya pili, alirudi nyuma.

Anaeleza jambo hilo bila kumlaumu mtu. "Mimi ni mtoto wa Muleba, Kagera. Kwetu msichana humsalimu mkubwa akiwa amepiga magoti. Mkubwa akikuuliza mara mbili, maana yake mara ya kwanza ulikosea. Ndivyo nilivyolelewa, na nililelewa vizuri. Tatizo ni kwamba wakili hawezi kufanya kazi hivyo. Jaji akikunja uso tu, umeshamfunga mteja wako."

Baada ya kuanguka alifanya kazi katika ofisi ya wakili mmoja Dar es Salaam, ambako mshahara ulikuwa ukija kwa kukumbushwa. Wakala akamwambia kuna kazi ya mapokezi Dubai. Akaja mwanzoni mwa mwaka 2003, akapokelewa vizuri tu, akakabidhiwa ndoo na toroli la mashuka.

Hapo anacheka. "Nilikuja na ugonjwa mmoja, Dubai ikaniongezea wa pili. Hapa neno la kwanza kinywani ni sorry. Sorry madam, sorry sir. Bomba limepasuka ghorofa ya tano, mimi wa ghorofa ya tatu naomba msamaha."

Dawa yake aliitafuta nyumbani, yaani Al Qusais, kwa wenzake wa chumba. Teresiah ni mlinzi wa hoteli hiyo hiyo, Mkenya wa Nyeri, mwanamke mwenye mabega mapana na sauti ya kuamrisha. Rukiya wa Tanga anafanya kazi ya kufua na kupiga pasi. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana chumba kinageuka kuwa jopo.

Nilihudhuria kikao kimoja. Teresiah alikaa kitandani na kofia yake ya kazi kichwani. Rukiya alikuwa pembeni akimenya viazi, mtahini msaidizi. Paskazia alisimama katikati ya vitanda, mikono nyuma.

Teresiah hajui sheria hata kidogo, wala haombi kufundishwa. Maswali anapewa na Paskazia mwenyewe. Kazi yake ni kusikiliza jibu, kunyamaza kidogo, kisha kumkazia macho na kuuliza, "Una hakika?" Paskazia akiangalia chini, vyombo vyote vya siku hiyo ni vyake. Rukiya anasema miezi ya mwanzo hakuna mwingine aliyegusa sinki.

"Tulikuwa tukistarehe kweli," alisema Rukiya. "Yeye anaangalia chini, sisi tunanyoosha miguu."

"Sasa amekuwa mkaidi," Teresiah akadakia. "Juzi nilimuuliza mara nne. Nikaona aibu mimi, nikaenda kuosha vikombe."

Walicheka wote watatu. Lakini mzaha huo umepita mahali pagumu, na mwezi Januari nusura uvunjike.

Paskazia alikuwa akihesabu kupata likizo yake ya kwanza mwezi Machi, baada ya miaka miwili ya kazi, tiketi ikiwa ya kampuni. Jopo la kweli, la Dar es Salaam, lilikuwa limempangia Aprili. Mambo yalikuwa yamekaa sawa kabisa, hata mama yake huko Muleba alishatangaza kanisani.

Wiki ya Idi Kubwa hoteli ilijaa familia. Asubuhi moja madam mmoja, mgeni wa ghorofa ya tatu, akasema bangili ya dhahabu ya mwanawe, aliyoivua usiku, haionekani, na kwamba mfagizi alikuwa ameingia chumbani. Paskazia anasema hakuingia siku hiyo. Mlangoni palining'inizwa kadi ya kutosumbuliwa, naye alimkabidhi madam taulo pale pale kizingitini.

Neno la mgeni likasimama upande mmoja na la mfanyakazi upande wa pili. Polisi hawakuitwa, madam alikuwa na safari na meneja hakupenda kelele. Ila lazima mtu mmoja ajibu. Akatumwa Musallam.

Musallam ni msimamizi wa ghorofa, Mwomani aliyelelewa na mama wa Unguja, na Kiswahili chake ni cha kuoneana haya. Wafanyakazi Waafrika wanamwita Ami, yaani baba mdogo. Ni mtu mwema, na wema wake ndio uliomfanya awe mgumu kukataliwa.

Alimwita Paskazia kwenye chumba cha mashuka. Kwa maelezo ya Paskazia, na Musallam mwenyewe aliniambia ndivyo ilivyokuwa, alimwambia hivi: "Mwanangu, sikwambii useme umeiba. Sema labda uliizoa pamoja na taka, hukuiona. Madam keshasema atasamehe. Sorry moja tu, khalas, yamekwisha, na likizo yako ipo pale pale."

"Nilikuwa nimeshafungua mdomo," Paskazia anasema. "Kweli kabisa, neno lilikuwa kwenye ulimi. Yule ni kama baba yangu, ana mvi, ananibembeleza, na anachoniomba ni kitu ninachokisema mara arobaini kwa siku."

Akamjibu kwamba hakuingia chumbani, kwa hiyo hakuizoa.

Musallam akamuuliza kama ana hakika.

"Nikasema nina hakika, Ami. Sauti ilikuwa inatetemeka, lakini ilitoka. Halafu nikaenda chooni nikalia."

Bangili haijapatikana mpaka leo. Madam alisafiri. Shauri likabaki wazi ofisini, na mfanyakazi mwenye shauri wazi hapewi likizo. Kila alipouliza, aliambiwa inshallah, na mtu aliyekaa hapa miaka miwili anajua inshallah ya ofisini ina ngazi nyingi.

Nyumbani Al Qusais hali ilichafuka. "Nilimwambia, kwani sorry unanunua?" Teresiah ananieleza, na hasira bado inasikika. "Si useme tu! Mimi nasema sorry siku nzima na bado niko hapa, nimewasomesha watoto wangu. Yeye anataka kuwa wakili kabla hajawa wakili." Rukiya naye alimsihi: "Shoga, mdomo tu huo, mdomo haukatwi." Mama yake, kwa simu, alimwambia mkubwa akishasema kosa ni lako, mtoto wa watu hupiga magoti yakaisha.

Kwa wiki mbili hapakuwa na jopo. Teresiah alikuwa akipita katikati ya vitanda kama hakuna mtu.

Mwishoni mwa Februari Paskazia aliandika barua ya kuacha kazi. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu, na amebakiza karibu mwaka. Kuuvunja maana yake ni kujinunulia tiketi, kupoteza malipo ya mwisho, na kwa mwaka mzima kutoruhusiwa kurudi kufanya kazi nchi hii. Akiba yake yote imekwenda kwenye tiketi. Akianguka Aprili, hana kazi Dubai wala uwakili Dar es Salaam.

Nilimuuliza kama alikataa kwa sababu mwombaji wa uwakili anatakiwa kuwa na mwenendo usio na doa.

"Ningeweza kukuambia hivyo, na ungeandika vizuri," alisema. "Lakini sitaki kujipamba. Nilichoka. Nilishalikana neno langu mara moja likanigharimu miaka mitatu. Sikuwa na miaka mitatu mingine."

Jopo la Ijumaa limerudi. Teresiah ndiye aliyelirudisha, bila kuomba radhi wala kuombwa: siku moja alivaa kofia, akakaa kitandani, akasema, "Haya, njoo hapa wewe." Rukiya anasema tangu hapo mtahini mkuu amekuwa mkali mara mbili. Nilipomuuliza Teresiah kwa nini, alitazama pembeni. "Akianguka sasa, ataanguka na kila kitu," alisema. "Afadhali nimchoshe mimi."

Paskazia atafikia kwa binamu yake Sinza. Akipita, anataka kurudi Kagera kufungua ofisi Bukoba mjini na kushika mashauri ya mirathi, kwa sababu anawajua wanawake wa kwao wanaoulizwa swali moja na shemeji na kuachia shamba. Akianguka, atatafuta kazi yoyote na kuomba tena. Kuhusu hilo hakutaka kuzungumza sana.

Jumatano iliyopita ilikuwa zamu yake ya mwisho. Nilimkuta ghorofa ya tatu akikabidhi funguo. Musallam alikuja na pasipoti ya Paskazia, iliyokuwa ikishikiliwa ofisini, akaishika mkononi muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Alionekana mtu mwenye jambo.

Akamwambia kwamba mama yake mwenyewe, marehemu, ameacha shamba la mikarafuu Unguja, ndugu wamelikalia, na yeye huku hana mtu wa kumwamini. "Ukishakuwa wakili utanisimamia mwanangu? Nimekuona wewe huyumbi."

Paskazia alitabasamu, kisha akatikisa kichwa. "Siwezi, Ami. Zanzibar wana mahakama zao na mawakili wao. Nikipita nitakuwa wakili wa Bara. Kule sitaruhusiwa kusimama."

"Utajaribu lakini."

"Siyo suala la kujaribu, Ami. Nitakutafutia jina la wakili wa huko, mtu mwaminifu. Hilo naweza."

"Basi niahidi tu kwamba utakuja wewe," Musallam akasema, kwa ule upole wake. "Sema tu, moyo wangu utulie. Hata kama hutokuja."

Mzee mwenye mvi, pasipoti mkononi mwake, anaomba neno moja la kumfurahisha.

"Sitakuahidi, Ami. Nitakuwa nimekudanganya."

Musallam alitazama ile pasipoti, akampa kwa mikono miwili.

"Mtihani wako lini?"

"Jumatatu ya pili ya Aprili."

"Nenda kawajibu hivyo hivyo," akasema, na akaondoka kuwahi lifti.