Wimbo wa Kuoshea Karoti

Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025. Mgeta iliamka na ukungu na baridi ya kukunja vidole. Jua lilichungulia saa saba mchana, likajirudia zake.

Mwalimu Shamimu alikuwa uwanjani na watoto thelathini na wawili wa darasa la tano, wakirudia wimbo wa siku ya wazazi, iliyokuwa kesho yake. Alizaliwa Dakawa, kwenye majaruba ya mpunga, na huu ulikuwa mwaka wake wa pili mlimani. Kipindi cha sanaa alikiomba mwenyewe. Mwalimu mkuu, Kasimiri, alimkubalia kwa sharti: wazazi wakiridhika, kitabaki, wakinung'unika, kitakwenda Hisabati.

Wimbo wenyewe aliupata kwa Glory, mwanafunzi wake, aliyeusikia nyumbani kwao. Shamimu aliupenda, akauandika daftarini, akawafundisha wote.

Bibi yake Glory, Winfrida, alikuwa anapita na tenga la karoti kichwani. Akasimama. Akalitua.

"Nyamazeni!" Watoto wakanyamaza. "Mwalimu, huo ni wimbo wa kumfunda mwali. Unaimbwa ndani, na wanawake peke yao. Kesho uuimbe mbele ya baba zao? Hakuna mzazi atakayekuachia mtoto."

Shamimu aliwarudisha watoto darasani.

Saa kumi alipanda kwa bibi na kilo moja ya sukari, Glory akimwongoza, kichwa chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umefuata bakora?"

"Nimekuja kuomba radhi. Sikujua."

"Ungejuaje, mtu wa mpunga wewe? Anayejua ni huyo hapo, masikio kama sungura!"

Glory akajificha nyuma ya mwalimu wake. Shamimu alichana ule ukurasa, akampa bibi kwa mikono miwili. Bibi akausokomeza motoni, chini ya sufuria.

"Sasa kesho nitasimama na nini, bibi?"

Bibi Winfrida alikoroga uji kwanza. "Upo wa kuoshea karoti. Huo hauna mwenyewe. Na nani hapa asiyeujua?"

Ijumaa bibi alifika shuleni kabla ya kengele. Watoto hawakuhitaji kufundishwa maneno. Wote walishaosha karoti mtoni na mama zao, kwa kuzikanyaga majini. Aliwapanga mistari tu, akawaonyesha mguu upi uanze.

Mchana, ubeti wa pili haujaisha, akina mama walishanyanyuka kwenye mabenchi wakikanyaga pamoja na watoto. Akina baba wakapiga makofi. Mwalimu Kasimiri naye alionekana katikati yao, suruali imerukiwa matope hadi magotini.

"Hisabati ina vipindi vya kutosha," alimwambia Shamimu, akihema. "Endelea na chako."

Shamimu alimwendea bibi kumshukuru, machozi yakamtangulia.

"Usilie, mwanangu. Miaka yote shule nimeipita na tenga kichwani. Leo umeniingiza mpaka ndani. Mimi ndiye wa kushukuru." Kisha akamtazama miguuni. "Ila miguu yako inachelewa. Karoti umeziimba tu, kuziosha hujaziosha."

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Shamimu alimfuata Bibi Winfrida mtoni, akavua viatu, akapandisha gauni, akaingia kwenye maji ya baridi kukanyaga karoti.