Picha ya Bingwa wa Kusoma

Wanafunzi wa darasa la nne walimwita mwalimu wao Mwalimu Picha, na mwenyewe alilipenda jina. Mtoto akichora ramani nzuri, anapigwa picha, mara yumo mtandaoni. Ubao ukipakwa rangi mpya, nao umo. Wazazi walimmwagia sifa, kichwa kikamvimba kidogo, binadamu ni binadamu.

Palikuwa na msichana mgeni aliyekaa karibu na dirisha. Simu ikiinuliwa tu, yeye huinama kufunga kiatu.

“Huyu naye kwa haya!” mwalimu alikuwa akicheka.

Siku msichana huyo aliposhinda mashindano ya kusoma, mwalimu alimshika kidevu. “Mwanangu, inua uso, watu wakuone.” Akapiga picha, akaiweka kwenye ukurasa wake pamoja na jina la shule, kama kawaida yake.

Jumatatu mwanamume nadhifu alibisha mlangoni, mkononi ana begi jipya la shule.

“Habari, mwalimu. Mimi ni baba yake bingwa wa kusoma. Nimeiona picha.”

“Karibu sana, baba! Binti yako ni moto wa kuotea mbali!”

Akageuka amwite. Kiti kitupu. Msichana alikuwa chini ya dawati, anatetemeka, kajifunika kichwa kwa mkoba.

“Mwalimu,” alinong'ona, “mwambie sipo.”

Mwalimu alirudi mlangoni, akaufunga, akatia komeo, akauegemea kwa mgongo. Ile sauti ya upole nje ikageuka.

“Fungua! Mtoto ni wangu!”

Mlango ulitikisika hadi chokaa ikadondoka. Watoto wakaangua kilio. Mwalimu wa darasa la jirani alikimbia kumwita mlinzi, wakamdhibiti yule bwana mpaka polisi walipofika.

Mama mtu alikuja mbio, aproni ya kazini bado kiunoni. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza mwalimu zaidi.

“Nilihama mji, nikaacha kazi. Hata dada yangu wa tumbo moja hajui ninakoishi. Wewe umemwonyesha njia.”

“Sikujua, dada yangu.”

“Hukuuliza.”

Mama na mwanawe wakahama tena. Mwalimu mkuu hakumwambia mtu walikokwenda, na Mwalimu Picha hakuthubutu kuuliza.

Katika kikao cha walimu alisimama mwenyewe kueleza yaliyotokea. Kisha mwalimu wa michezo akatoa simu yake mfukoni, akaanza kufuta picha za wanafunzi, moja baada ya nyingine.